Nimerukuu kwenye sala ya jeneza

Jamani, leo nimerukuu kwenye sala ya jeneza.
Safu ya mbele. Nimeinama peke yangu.

Tulikuwa tunamsalia Mzee Athumani, jirani yangu hapa sokoni Same, yule muuza tangawizi. Kafariki alfajiri.

Imamu alishatukumbusha: takbira nne, hakuna rukuu, hakuna sijda. Mimi mawazo yako kwenye mzigo niliouacha stendi. Takbira ya pili tu, mwili ukainama wenyewe! Jamaa wa kando akanivuta shati.

Aibu ilipita. Hiki hapa hakijapita.

Kila adhuhuri tulitandika mikeka nyuma ya vibanda, mimi na yeye. Namaliza rakaa nne, yeye yuko ya pili.
Juzi akaniambia, "Mwanangu, unasali kama basi linakuacha."
Nikamjibu, "Mzee, wewe huna wateja."
Akakunja mkeka wake, akarudi kibandani.

Nani mwingine mwili wake unasali bila yeye? Niambieni nisiwe peke yangu.

Tumemzika. Alasiri nimetandika mikeka yote miwili, nikasali polepole, kila sijda nikaituliza.
Nikatoa salamu kulia, kwenye mkeka wake.
Nikabaki nimegeuka hivyo hivyo, nasubiri anikosoe.