Stata Moja, Matrekta Mawili

Mama Moshi alipewa jina hilo kwa sababu ya trekta lake, na wala halikumkera. Kila lilipowaka lilitema wingu jeusi, na majirani wakakimbilia kuanua nguo kambani huku wakicheka na kulalamika kwa pamoja. Lilikuwa trekta dogo la rangi ya chungwa, lililotoka nchi ya mbali yenye baridi, lenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Mumewe, fundi cherehani, alilinunua mnadani kwa kuwa lilimvutia macho, kisha akaliogopa. Mkewe akapanda, akashika usukani, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyewalimia watu wa bonde zima.

Mvua zilipokaribia, stata ikafa. Stata ndiyo mota inayozungusha injini mpaka iwake. Bila hiyo, trekta ni kiti tu cha kukalia. Nalo bonde lilikuwa tambarare kama meza, hapakuwa na mteremko wa kuliserereshea. Siku moja lori la mchanga lililivuta, likawaka. Lakini lilipozimika katikati ya shamba, dereva wa lori aliyatazama matope, akamtazama Mama Moshi, akasema, "Dada, mimi nina watoto," akaenda zake.

Basi akaifungua ile stata mwenyewe, akaiviringisha kwenye shuka kuukuu isije ikamchafua, akaipakata, akashika njia ya mjini.

Mtaa wa vipuri ulikuwa mrefu, maduka yamebanana, mikanda ya feni inaning'inia milangoni. Katika duka la kwanza, mama mmoja mnene aliyekuwa kwenye foleni alikiona kifurushi, akampisha.

"Pita mbele, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Anaumwa, mama," Mama Moshi akajibu. "Amegoma kuwaka."

Akafunua shuka. Foleni nzima ikaangua kicheko, na yule mama akacheka mpaka ikabidi ashike kaunta.

Vicheko alipata, stata hakupata. Wauzaji walimtolea stata za matrekta ya kawaida, wakazilinganisha na yake: hii meno makubwa mno, ile shingo ndefu, ile nyingine matundu ya boliti yamekaa upande. Mmoja alimuuliza kama ana hakika ile si mashine ya kusagia nyama. Jua lilipofika utosini, miguu ilikuwa inamwaka moto na moyo umeanza kulegea. Aliingia duka la mwisho kwa sababu tu lilikuwa na benchi.

Mwenye duka, mwanamume mwembamba wa miwani, aliigeuza ile stata huku na huku.

"Ajabu," akasema. "Hiki kitu nimekiona juzijuzi."

"Wapi?"

"Hapahapa, dada. Mzee mmoja mfuga kuku alikuja nacho. Kama anauza au ananunua, sikumwelewa vizuri."

Mama Moshi akainuka kwenye benchi. Miaka yote aliamini kwamba trekta lake halina ndugu duniani. Mwenye duka akabonyeza simu, akampa.

"Shikamoo, mzee wangu. Samahani, trekta lako ni rangi gani?"

"Marahaba. La chungwa," sauti ikajibu kwa tahadhari. "Kwani vipi?"

"Linatoa moshi?"

"Moshi? Mwanangu, kuku wangu wote walikuwa weupe!"

Kesho yake walikutana kwa fundi wa kusuka koili, zile nyaya za ndani ya mota, kila mmoja na stata yake mkononi, na kila mmoja amekuja na tumaini lilelile: kununua ya mwenzake.

"Nilidhani yako ni nzima," mzee akasema.

"Na mimi nilidhani yako ni nzima."

Wakatazamana, wakacheka kama watoto wa shule. Fundi aliweka kikombe chake cha chai pembeni, akazifungua zote mbili. Ya Mama Moshi ilikuwa na swichi nzima, lakini koili zimeungua, zinanuka. Ya mzee koili zilikuwa safi, ila swichi ndiyo imekufa.

"Nimeletewa maiti wawili," fundi akasema, "lakini naona mmoja atafufuka."

Akaunganisha swichi ya huyu na koili za yule, akagusisha nyaya kwenye betri. Kigia chenye meno kikaruka mbele kikazunguka kwa mlio mwembamba, na mzee akapiga makofi. Ya pili, fundi akaeleza, itasukwa upya, lakini waya wake mpaka uagizwe, na hautawahi mvua.

Hapo yakaanza mabishano.

"Chukua wewe, mwanangu. Una bonde zima linakungoja."

"Hapana, mzee. Koili ni zako."

"Na swichi je, si yako?"

"Mkishamaliza kupeana mniambie," fundi akasema, "nataka kufunga duka."

Mama Moshi akalikumbuka lile lori. "Mzee, una mnyororo?"

"Ninao."

"Basi stata ifungwe kwenye trekta lako. Njoo nalo kwangu, univute niwake. Nikizimika shambani, wewe si lori, matope utayaogopa?"

Mzee akacheka mpaka meno yote yakawa nje.

Asubuhi aliyoingia bondeni, watu walitoka majumbani. Fundi cherehani alisimama kizingitini, tepu ya kupimia bado i shingoni. Mnyororo ukafungwa, mzee akavuta, Mama Moshi akaachia klachi. Trekta likakohoa, likakohoa tena, likanguruma. Vigelegele vikapasuka kila upande. Yale mawili, ya rangi moja, yakaingia shambani sambamba, na mistari ya udongo mweusi ikawafuata nyuma. Mama Moshi alizimika mara kadhaa, na kila mara mzee aligeuza akija kumvuta, akijifanya amekasirika. Bonde lilipokwisha wakahamia kwa mzee, wakalima mahindi ya kuku wake.

Stata ya pili ilipokuwa tayari, Mama Moshi aliifunga mwenyewe. Mzee alikuja kushuhudia, na trei ya mayai mkononi. Injini ikawaka bila kuvutwa.

"Haya," akasema. "Sasa hunihitaji tena."

"Nani kakwambia? Taa za lako zinawaka?"

"Hazijawahi hata siku moja."

"Hata zangu."

Wakapanga kwenda mtaa wa vipuri Jumatatu, pamoja.