Kengele Niliyoisikia Peke Yangu

Cheka kabisa, umalize, ndipo unisikilize. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Nilikuwa mwanafunzi Guangzhou, kule China, miaka ile Wabongo walipokuwa wakimiminika soko la Shahe kufuata nguo za jumla. Likizo moja, mimi na shoga yangu Zuhura tukapanda basi na wenzetu wa darasani kwenda kuona hekalu la watawa wa Kibudha, juu milimani huko kaskazini. Tulipoanza kupanda kwa miguu, ukungu ukashuka. Niliinama kufunga kamba za viatu. Kuinuka, sioni mtu.

Nikatangatanga mpaka nikakuta kibanda, na mtawa mzee mlangoni. Akanikaribisha uji wa mchele wenye uyoga. Njaa iliniuma, lakini Mwislamu ni Mwislamu.

"Shifu, kuna nguruwe humu?" nikamuuliza, kwa jina wanalowaitia watawa kwa heshima.

"Mei you," akasema. Hakuna. Neno hilo wauzaji wa Shahe walikuwa wakinikera nalo kila siku, lakini siku ile lilinifurahisha, wallahi!

Nikiwa nakula, akanisimulia habari za hekalu. Mwanzilishi wake alipotelewa na mdogo wake katika ukungu kama ule. Kijana wa watu akaanguka korongoni. Ndiyo maana walitundika kengele kwanza, paa likaja baadaye, na watawa wa mwanzo walilala wakinyeshewa.

"Ukiisikia, ifuate," akaniambia. "Achana na njia."

Nikaondoka. Njia ilikuwa pana, imenyooka mbele yangu. Kengele ikalia kushoto, vichakani! Nikasonya, lakini nikaifuata, miiba ikinichana, mpaka nikatokea uani mwa hekalu.

"Shoga, ulikuwa wapi? Tumekuita mpaka sauti zimetukauka!" Zuhura alikuwa analia.

"Si nimefuata kengele?"

"Kengele gani?"

Nikawasimulia yote, na mtawa mmoja kijana aliyesimama naye akanitazama sana. Akasema kengele yao ilichukuliwa ikayeyushwa kabla yeye hajazaliwa, na mpigaji wake alishakufa zamani. Ile njia pana nayo ilikatwa na mvua, inaishia korongoni. Na kibanda? Huko hakuna kibanda.

Haya, tuseme niliota. Na shibe je? Mbona nilishinda nimeshiba mpaka jioni?

Leo niko Tanga, nina mume na watoto watatu, na kila nikiswali namwombea kheri mzee yule. Sijamuuliza shehe yeyote kama inafaa, wala sitamuuliza. Namshukuru, basi. Nawe ukipanda huko, ukungu ukakufunika, ukasikia kengele wasiyoisikia wenzako, usisimame kubishana nao. Ifuate.