Fundi wa Kushona na Muwindaji wa Kibua

Fundi wa kushona wa Nyabiondo hawezi kubishana bila kukanyaga mashini. Akianza kumusema moniteri wa shule, mwenye kufundisha timu yetu mupira, miguu inaenda mbio na suruali za watu zinashonwa upande.

«Ule iko anajua katekisimu tu! Mulete ule muwindaji wa kule Kibua, afundishe yeye, shuti yake inaua nguruwe ya pori!»

Siku ile timu ya Sake walitupiga goli tano, wenzake wa pale kwenye mashini wakamuchoka fundi. «Papa fundi, mugeni hakai huku bila shamba. Nani atamupa?»

Mashini ikanyamaza. Fundi akapangusa vidole kwenye suruali ya mutu, pole pole.

«Apewe langu, lile la maharagi. Lakini bibi yangu, mama ya watoto, njo mwenye kulilima. Muende kumwambia ninyi.»