Dawa Niliyopiga Nyuma ya Jikoni

Mke wangu alipofariki, kitu cha kwanza kilichonishinda nyumbani kilikuwa mboga. Ng'ombe hawakunishinda, maana nilikuwa nikiwakamua tangu mgongo ulipoanza kumsumbua. Chai nayo ndiyo kazi yangu tangu ujana. Lakini mboga sikujua hata pa kuanzia.

Nyuma ya jikoni alikuwa na kishamba chake, kile sisi Wakipsigis tunakiita kabungut. Kwetu mwanamume haingiiingii humo. Miaka yote ya ndoa nilikula kilichotoka mle bila kujua kilifananaje kabla ya kuingia sufuriani. Jioni mboga ilifika mezani ikiwa imeshalazwa na maziwa, laini, chungu kidogo. Nikala, nikanawa mikono, nikasikiliza habari.

Matanga yalipokwisha na watu kurudi makwao, mvua ikaanza. Asubuhi moja nilitazama nyuma ya jikoni nikaona pori. Hapakuwa na mstari wala tuta, mimea ilikuwa imejiotea ovyo, mingine imenifika kiunoni. Mkulima wa chai akiona ardhi namna hiyo mkono unamwasha. Tena niliwafikiria wapita njia: watasema mama ameondoka na boma limekufa. Nikabeba pampu mgongoni, nikachanganya dawa ya magugu, ile ninayopiga kati ya michai michanga, nikapiga kote mpaka kwenye ua. Baada ya siku chache pakawa njano, kisha kahawia. Nilisimama mlangoni na kikombe cha chai nikaridhika kabisa. Nilijiambia kwamba nimemsafishia. Palipochipua tena, nikapiga tena.

Nikaendelea kula ugali na maziwa, na kabeji ya kununua sokoni Mogogosiek. Binti yangu, aliyeolewa kilima cha pili kutoka kwetu, ndiye aliyechoka na kabeji hizo kabla yangu.

"Baba, pale kwa kitalu ya miche wanafundisha watu kupanda mboga kila Jumamosi," aliniambia kwa simu. "Enda tu. Utakula kabeji mpaka lini?"

Nilienda. Nilikawia kwenye miche ya parachichi karibu na lango, nikijifanya mteja, kwa sababu wote waliokaa kwenye kreti walikuwa wanawake. Mwenye kitalu, mama aliyehamia kwetu kutoka upande wa ziwa, ndiye aliyekuwa akifundisha. Aliniona.

"Karibu, Mzee. Hapa hatuulizi mtu ametoka wapi. Kuja ukae."

Nikakaa nyuma, karibu na lundo la mbolea. Hapo ndipo nilipomwona bamwai wangu, mama mkwe wa binti yangu, amekaa mbele na leso yake kichwani. Ndivyo tunavyoitana sisi wazazi wa waliooana, na bamwai ni mtu wa heshima. Humtanii, hujikalii naye ovyo, na hutaki kamwe akuone ukishindwa na jambo la nyumbani mwako. Tulisalimiana kwa mbali. Nilijua usiku huo huo binti yangu angesikia kwamba baba yake alikaa na wanawake akijaza udongo kwenye gunia, na nikaona haya. Hata hivyo Jumamosi iliyofuata nilirudi, maana sukuma wiki niliyopanda kwenye gunia ilikuwa imeshika.

Kisha ikaja Jumamosi ya mboga za kienyeji. Mwalimu aliinua mkebe wenye mmea mmoja, majani ya kijani kibichi, maua meupe madogo.

"Hii mnaijua?"

"Managu!" wanawake wakajibu kwa pamoja, wakacheka kwa urahisi wa swali.

Mimi sikucheka. Ule mmea niliufahamu. Sikuufahamu kwa jina, bali kwa umbo, kwa jinsi ulivyosimama na kutawanya matawi. Niliuona mara ya mwisho ukiwa umelegea, majani yamejikunja, chini ya dirisha la jikoni kwangu. Mdomo ukanitangulia.

"Lakini hiyo si magugu?"

Walicheka tena, bila ubaya. Mwalimu akatikisa kichwa. "Wapi, Mzee! Hii ni mnavu, ni chakula. Na watu wa zamani hawapandi kwa laini. Unaacha zingine zizae, mbegu inaanguka, inaota yenyewe. Ukiangalia utasema ni pori, lakini mwenyewe anajua kila kitu iko wapi. Saga, ile mgagani, pia ni hivyo."

Bamwai akageuka kwenye kreti yake. Uso wake ulikuwa umechangamka.

"Bamwai, si ndiyo hii mama alikuwa nayo nyuma ya jikoni? Ile ya majani madogo, alipewa mbegu na mama yake huko Sigor? Mwalimu, hiyo ilikuwa tamu! Siku hizi huwezi kuipata." Akaniangalia. "Bado iko?"

Wote waligeuka. Walitaka mbegu, si kitu kingine.

"Nilipiga dawa," nikasema.

"Ya wadudu?" mwalimu akauliza.

"Ya magugu."

Laiti wangecheka. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliinamisha kichwa akaanza kufuta udongo kwenye vidole vyake. Bamwai alinitazama kidogo, kisha akasema polepole, kwa sauti ile ile aliyoniambia nayo siku ya mazishi, "Pole, bamwai." Ningeweza kuondoka, lakini njia ya kutoka ilipita katikati yao, nami nilikuwa nimekaa nyuma. Nikabaki mpaka mwisho nikitazama buti zangu.

Jioni binti yangu akapiga simu. Nilisikia kuku wake wakiingia bandani.

"Baba, nimesikia."

"Amekuambia mama wa huko?"

"Ee. Nilikuwa nimepanga mvua ikirudi nikuje nichukue mbegu. Lakini ni sawa, Baba. Hukujua."

Mke wangu aliwahi kunigombeza, na mengi nilistahili, lakini hakuna neno lake lililonikaa kifuani kama hilo la binti yetu. Hukujua. Kweli sikujua. Na mtu wa kumuuliza alikuwa jikoni humo humo, kila jioni, miaka yote, na sikuwahi kumuuliza.

Mvua za masika ziliporudi sikugusa kitu. Niliogopa. Kila kilichochipua nilikiacha, mpaka nyuma ya jikoni pakawa pori kuliko mwanzo na jirani akaniuliza kama naumwa. Mwishowe mwalimu akaja na bamwai. Walipita wameinama, wakang'oa majani haya na yale, huku nikiwafuata nyuma kama mgeni kwenye boma langu. Saga ilikuwa imerudi, kidogo, kandokando ya ua. Managu ya majani madogo hawakuiona. Bamwai alirudia kutafuta chini ya dirisha hata mwalimu alipokwisha kunawa. Kisha akajinyoosha, akasema ya kitalu si mbaya, ina majani mapana tu.

Ndiyo niliyopanda. Binti yangu alipokuja Disemba nilimpikia mwenyewe. Alikula yote, akafuta sahani kwa ugali. Nikamuuliza ikoje.

"Ni nzuri, Baba," akasema. "Si chungu kama ile ya Mama."

Nikaenda nje kufunga ng'ombe, ingawa walikuwa wamefungwa.