Sura ya Binti Yangu Ubavuni mwa Basi

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Nilikuwa nimetoka kumwogesha mzee ninayemtunza kule Plumstead, nasubiri basi la kunipeleka kwa mgonjwa wa pili, nilipomwona binti yangu akipita ubavuni mwa basi jingine. Alikuwa mkubwa kuliko mlango wa nyumba yetu. Mdomo wazi, macho yamekaza mbele, kijiti mkononi, nywele nilizomsuka mimi mwenyewe zimetawanyika nyuma yake. Chini ya miguu yake palikuwa na jina la chuo chake kwa herufi nyeupe, na maneno ya kuwaalika vijana waje kusoma hapo. Nilibaki nimeduwaa hata basi langu likaja, likafunga milango, likaniacha.

Nilimpigia simu.

"Umo kwenye basi," nikamwambia.

"Hapana Mama, nipo maktaba."

"Ubavuni mwa basi! Picha yako, kubwa hivi!"

Akacheka. Mtoto huyu amezaliwa London. Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na maneno yake humu nayaandika kama nilivyoyapokea moyoni. Akasema mwaka wa kwanza wote walisaini fomu ya kuruhusu picha.

"Wanakulipa?"

"Mama. Ni chuo."

Picha yenyewe ilitokana na mashindano ya vyuo ya mwezi uliotangulia, mbio za kupokezana vijiti, wasichana wanne, kila mmoja mzunguko mmoja. Binti yangu alikimbia wa mwisho. Alipokea kijiti akiwa wa tano, akawapita wote mmoja baada ya mwingine, na katika hatua za mwisho kibanio kikakatika, nywele zikaruka. Mtu fulani alirekodi kwa simu. Kufikia Jumapili akina mama wa kanisani walikuwa wananionyesha binti yangu kwenye simu zao kana kwamba sijawahi kumwona. Mmoja akaniambia, "Na mkono uliosuka pia sasa ni maarufu, utatubagua." Nikacheka nao, lakini sikufurahi kama wao.

Sikujua kwa nini. Jioni hiyo nilitoka nikaenda kuzunguka ziwa letu la Thamesmead, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akiwalisha bata mkate akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Siku chache baadaye, miongoni mwa ujumbe mwingi aliokuwa akitumiwa, ukaja mmoja kutoka kwa mzee mwenye duka Tooting anayetengeneza mafuta ya nywele. Alitaka kuweka picha ya binti yangu kwenye chupa zake. Aliandika kwa adabu, na mwisho akaongeza kwamba angependa kwanza kuzungumza na mama yake. Hilo ndilo lililonivuta. Nilibadilisha treni, nikatokea Tooting, nikapita maduka ya vitambaa na viungo mpaka kwake.

Alikuwa Mhindi mwembamba, mvi tupu, na alipofungua mdomo kilichotoka ni Kiswahili ambacho sijakisikia tangu utotoni.

"Karibu mama. Wewe mtu wa wapi kule nyumbani?"

"Magharibi, mzee. Upande wa Kakamega."

"Basi sisi jirani! Mimi mtoto wa Kisumu. Tulikuja hapa mimi sijaota hata ndevu." Akaniletea chai ya maziwa, akakaa. "Mama, mimi sitaki kumfanya binti yako nyota. Nyota keshakuwa. Mimi nataka nywele zile."

"Nywele zile nilizisuka mimi."

"Basi nikulipe wewe!" Akapiga goti lake kwa kicheko.

Nilimpenda. Nikarudi nyumbani nimekwisha kuamua kukataa.

Kulikuwa na sababu ya kutosha. Barua ya ufadhili wake ilisema wazi kwamba mwanamichezo anayelipiwa masomo haruhusiwi kupokea malipo kwa ajili ya jina au sura yake bila idhini ya chuo. Akivunja sharti, ufadhili unakwenda. Nilimsomea sentensi ile jikoni, kidole kwenye mstari.

"Umekwenda pale kusoma tiba ya viungo," nikamwambia. "Sifa za mtandaoni ni moto wa nyasi. Waache."

Alikuwa amerudi kutoka kazi yake ya Jumamosi, kupanga masanduku ghalani, kazi aliyokuwa akiifanya kila wiki kabla ya kwenda mazoezini Jumapili. Alikuwa amevua soksi, anajikanda nyayo.

"Mama, nikiwa ubavuni mwa basi ni sawa. Nikiwa kwenye chupa ni vibaya?"

Nikachukua sufuria iliyokwisha kuoshwa nikaiosha tena.

Kitu ambacho sikumwambia siku ile ni kwamba na mimi nilikimbia. Nilikuwa kidato cha tatu. Nilishinda mbio ndefu za mkoa nikiwa pekupeku, na zawadi yangu ilikuwa beseni na blanketi. Mwalimu mkuu alipigwa picha na kombe, ikatoka gazetini, na mwaka uliofuata wazazi walipigania nafasi katika shule yetu. Mimi mwaka huo nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya karo. Mwalimu wetu wa michezo, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliniambia msichana mwema hatafuti sifa. Niliamini. Nimeishi miaka mingi nikiamini, na nimemlea binti yangu kwa imani hiyo hiyo. Sasa ilikuwa inanichoma kama kiatu kipya, na sikuweza kukaa palipo na kiti.

Binti yangu akaandika mwenyewe kuomba idhini, na chuo kikatuita. Mkurugenzi wa michezo alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Kocha alikaa pembeni yake. Nilimwahidi binti yangu kwamba nitakaa kimya.

"Michezo ya chuo ni ya mapenzi, si ya biashara," mkurugenzi akasema. "Tukimruhusu mmoja, wenzake watajisikiaje? Ushindi ule ulikuwa wa wasichana wanne."

Nilikuwa nimekubaliana naye njia nzima ndani ya treni. Kama angenyamaza hapo, huenda ningeitikia kwa kichwa. Lakini aliendelea kusema kwamba kumuuza msichana mmoja si haki kwa timu, na kabla sijajizuia nikasikia sauti yangu.

"Samahani, madam. Lile tangazo lenu kwenye basi lina wasichana wangapi?"

Kocha aliangalia viatu vyake. Mkurugenzi alifungua faili, akaifunga, akasema watalifikiria. Baada ya siku kumi ikaja barua ya idhini.

Binti yangu alinikumbatia akanizungusha sebuleni. Nilicheka, ila swali langu lilikuwa limenigeukia mimi. Wasichana wangapi? Maana na chupa ya mzee ingekuwa na mmoja tu.

Aliyenisumbua zaidi ni yule wa mzunguko wa tatu, msichana wa Croydon, mtoto wa mama Mghana. Timu ilikuwa ya saba alipopokea kijiti, naye akakileta kikiwa cha tano. Video iliyoenea ilianza pale binti yangu alipokishika. Mkono wa mwenzake unaonekana kidogo pembeni, kisha haupo. Binti yangu alimwomba mzee aweke picha ya wote wanne. Mzee akanipigia mimi.

"Mama, mimi ni duka moja tu na dukani mimi na mke wangu. Wanne siwezi. Na nikisema ukweli, watu wanataka yule wanayemjua."

Binti yangu akasaini hivyo hivyo, mkataba wa mwaka mmoja. Msichana wa Croydon akajitoa kwenye kundi lao la simu bila kuaga.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Binti yangu aliacha kazi ya ghalani. Akawa analala Jumamosi mpaka saa nne, anaamka, anakula, na Jumapili anakwenda mazoezini na mwili uliopumzika. Muda wake wa mbio ukapungua. Nilianza kujiambia kwamba nilikuwa mjinga kuhangaika.

Halafu nikaona mambo mengine. Watu walimsimamisha kwenye treni kushika nywele zake, wengine bila kuomba. Wanaume aliowazidi akili na miguu walimwandikia kuhusu mapaja yake. Alikuwa akila huku simu ikiwa kando ya sahani, na kila ilipotetema kijiko kilisimama. Nilimwambia aizime. Aliizima kwa dakika tano.

Asubuhi moja nikimsuka, yeye chini kwenye mto, mimi kitini, akasema, "Mama, zamani nikishindwa nilikuwa nashindwa peke yangu. Siku hizi nikishindwa, na chupa inashindwa."

"Basi acha."

"Sitaki kuacha. Nakuambia tu."

Mashindano yaliyofuata yalifanyika majira ya kuchipua, kwenye uwanja wa kusini mwa London, upepo ukipeperusha viti vya plastiki. Niliomba ruhusa kazini. Mzunguko wa tatu alikimbia yule yule wa Croydon, na alikimbia kama mtu anayedai haki yake. Alifika wa kwanza. Binti yangu alikuwa anamsubiri, mkono nyuma, ameanza kutembea. Niliona mikono miwili ikikutana. Nikasikia mlio mdogo wa kijiti kikigonga ardhi. Kilibingirika mpaka njia ya pili. Binti yangu alikiokota, akakimbia mzunguko wote, akafika wa mwisho. Msichana wa Croydon alibaki amepiga magoti pale pale.

Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa, na mpaka leo siwezi kusema ni mkono wa nani uliokosea.

Mtandao haukuwa na wasiwasi huo. Tulipofika nyumbani utani ulikuwa umeshaenea: mafuta ya nywele yameteleza mpaka mikononi. Mtu alichora chupa ya mzee yenye miguu, inakimbia. Binti yangu alinionyesha, akajaribu kucheka, kisha akaingia bafuni, akafungulia maji ili nisimsikie.

Mzee alipiga simu siku ya pili. "Mama, mwambie binti, akitaka kuvunja mkataba, mimi sina neno. Ni mtoto. Lakini nisikufiche. Watu wanacheka, na wananunua. Wiki hii nimeuza kuliko mwezi mzima. Mimi mwenyewe sijui nifurahi au nione haya."

Nilipomweleza binti yangu, akakaza uso. "Nilikubali mwaka. Nitamaliza mwaka."

Jumapili alasiri, wiki mbili baadaye, kengele ya mlango ililia. Alikuwa yule msichana wa Croydon, amevaa koti kubwa, amepanda treni na mabasi peke yake kuja kwetu. Nilikuwa nasukuma chapati. Nikamwingiza jikoni, nikamwita binti yangu.

Wakasimama pande mbili za meza. Mimi nikaendelea kusukuma maana sikujua niende wapi.

"Sikukiangusha kusudi," mgeni akasema.

"Najua," binti yangu akajibu.

"Hapana, hujui. Na mimi sina hakika." Akanigeukia. "Anti, nilitaka kukimbia vizuri kuliko siku zote, wanione. Nilipofika kwake, sikutaka kukiachia. Ilikuwa kama robo ya sekunde."

Chapati ya kwanza ikaungua, nikaitoa. Mwishowe binti yangu akasema, "Siku ile tuliyoshinda, nilikuona. Uliwapita wawili kwenye kona ya mwisho. Nikajisemea, huyu akinifikia hivi, mimi lazima nishinde."

"Hukumwambia mtu."

"Hakuna aliyeniuliza."

"Ungesema bila kuulizwa."

"Kweli," binti yangu akasema. "Ningesema."

Msichana yule akalia, akiwa bado ndani ya koti lake. Nikamvua koti, nikampa kiti, nikampa chapati na maharagwe. Walikula bila kuangaliana. Sitasema wakawa marafiki tena jioni ile, kwa sababu hawakuwa. Ila alipoondoka binti yangu alimsindikiza mpaka kituoni, na alichukua saa nzima kurudi.

Baada ya hapo waliandika barua kwa chuo pamoja, wakapata saini za wenzao wa kikapu, wa kuogelea, wa ngumi. Waliomba mwanamichezo aulizwe kila mara sura yake inapotumika, alipwe inapotumika kutafuta wanafunzi, na asizuiwe kutafuta chake nje. Chuo kilikubali la kwanza na la tatu. La pili, tuliambiwa, bado linafikiriwa. Mkataba wa Tooting uliisha, na binti yangu hakuuongeza. Mzee alimtumia katoni nzima ya mafuta na kadi aliyoandika kwa Kiswahili, nikamsomea. Msichana wa Croydon naye sasa amepata kampuni ndogo ya soksi. Anakimbia mzunguko wa mwisho. Binti yangu yuko wa tatu kwa hiari yake, na anasema ndipo penye mbio hasa.

Mwezi uliopita mama mmoja wa kanisani, ambaye mwanawe anacheza kikapu chuoni, alinivuta pembeni baada ya ibada. Kampuni ya vinywaji inamtaka kijana wake. Akaniuliza, kwa vile mimi yameshanipata, amruhusu?

Nikamwambia amruhusu. Jasho ni la mtoto wake, na wengine wote pale wanakula kwalo. Nilipofika nyumbani nikampigia kumwambia kwanza wamalize mitihani. Nilipomaliza kupika nikampigia tena, nikasema la, wasingoje, sura ya ujana haingoji mtihani, ila akae naye, amuulize anayemrushia mpira ni nani. Alinisikiliza kwa subira, akanishukuru.

Jumapili iliyofuata alikaa safu ya nyuma kabisa. Nadhani alitaka jibu moja.