Fundi wa Pancha Aliyeogopa Kuomba Wateja

Habari hii haikutiwa chumvi hata punje. Anayebisha aende Maungu akaulize, nauli ajilipie.

Saa kumi na mbili asubuhi, Kimeu anafungua mnyororo wa kompresa yake ya kujazia magurudumu kando ya barabara kuu ya Mombasa. Upepo wa Maungu saa hizi una kiburi. Juzi ulimvua tanboi mmoja, utingo wa lori, kofia hapa, ikamfikia binamu yake Voi kabla ya chai.

Kimeu anafumba macho. "Baba, nipe riziki ya leo. Na kila anayepita hapa afike kwake salama."

"Umemaliza?" Margaret, muuza mayai ya kuchemsha, anamwuliza kutoka mezani pake. "Niambie mapema, shemeji yangu yuko njiani na gari la mkopo!"

Kimeu anacheka. Mwaka jana utani huo ulimtoa machozi.

Ameziba pancha hapa kwa miaka kumi na moja. Siku njema hurudi nyumbani na shilingi mia nane, siku mbaya hurudi na vumbi. Kila asubuhi alikuwa akimwomba Mungu gurudumu moja la kuziba, tena kwa sauti.

Asubuhi moja mwaka jana hakuwa amefikia amina, mlio ukapasua hewa. Gurudumu la mbele la lori lilikuwa limepasuka. Lori likaacha lami, likafyeka vichaka, likasimama limeinama. Dereva, kijana wa Voi aitwaye Samir, alitolewa mkono umevunjika.

Kimeu alibadilisha gurudumu lile, akalipwa, akanunua unga. Ugali akausukuma kando.

"Nilijiambia, kama Mungu alinisikia, basi amemvunja mtu mkono kwa sababu ya unga wangu," anakumbuka. "Na kama hakunisikia, kila siku nilikuwa naongea na nani?"

Akaacha kuomba. Kanisani, Sala ya Bwana ilipofika kwenye mkate wa kila siku, alifunga mdomo, kisha akajiunga tena na wenzake kwenye kusamehewa makosa. Mkewe, Mbula, aliliona pengo hilo Jumapili ya kwanza. Alivumilia hadi unga ulipoisha na siku mbili zikapita bila mteja.

"Baba Kasyoka," akamwambia, "wewe ni nani hata umpangie Mungu njia ya kutulisha? Mwambie tuna njaa. Basi! Hayo ya magurudumu mwachie."

"Na akipasua lingine?"

"Mwambie pia unaogopa hilo. Ama umeona ana haraka ya kwenda mahali?"

Kimeu akaenda nyuma ya kibanda, akaomba: "Baba, watoto hawana unga. Lakini tafadhali, usimpasulie mtu."

Mchana lori likasimama, magurudumu yote mazima. Akashuka Samir. Kimeu akarudi nyuma hatua moja. Alijua amefuatwa kwa ajili ya mkono ule.

"Fundi, habari za siku?" Samir akasema. "Wallahi, tangu siku ile naogopa magurudumu kama nyoka. Hebu nipimie upepo, yote, moja moja."

Kimeu akapima, akigonga kila gurudumu kwa chuma na kusikiliza. La ndani, upande wa nyuma, likaitika vibaya. Akalala chini ya lori, akakuta msumari umezama hadi kichwani. Msumari wenyewe, yeyote wa Maungu atakwambia, ungetosha kuning'iniza ng'ombe.

"Hili lisingefika Mariakani," akamwambia.

Samir akaketi juu ya jeki. "Alhamdulillahi. Sasa nani alinituma nisimame hapa?"

Kimeu akainamia gurudumu. Alikuwa analia, na mikono yake ilikuwa na grisi mno kujifutia.

Samir akawaambia madereva wenzake. Siku hizi wengi husimama kupimiwa upepo kabla hawajaharibikiwa, na pancha zimekuwa kazi ya pili.

"Sijui kwa nini siku ile Samir alivunjika mkono," Kimeu anasema. "Nitamwuliza Mungu nikifika. Kwa sasa namwomba aniletee walio wazima, nami niwaachilie wazima. Na unga haujakosekana."

Anapanga kujenga kivuli cha mabati, madereva wapumzike huku magurudumu yakipoa. Nguzo mbili zimesimama tayari.

Mwandishi wa habari hii alipoaga, Kimeu aliliangalia gari la mgeni huyo. "Na hili, limepimwa?"

"Jana tu, pale Voi," mwandishi akajibu bila kupepesa jicho.

Mbula, aliyekuwa amemletea mumewe chai, alikuwa ameshachutama na kipimo cha upepo. "Mzee wangu, jana ya mwaka gani? Hili la nyuma lina nusu ya upepo!"

"Mwacheni," Kimeu akasema. "Asubuhi niliomba mteja. Sikutaja awe mkweli."

Margaret alicheka hadi akaangusha yai. Mwandishi alilipia magurudumu manne na lile yai. Mbula akadai malipo ya gurudumu la tano, la ule uongo.

Akalipa.