Moto Niliouficha Mdomoni

Naitwa Kerubo. Nilizaliwa karibu na Birongo, kwenye vilima vya chai, na pumu naijua tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Hata hivyo nilichuma chai, nikateka maji, nikaenda shule kifua kikipiga mluzi mpaka wenzangu wakaniita Filimbi. Sikujali. Nilikuwa na mdomo wa kuwajibu.

Nilipofika miaka kumi na minne, miaka michache baada ya Uhuru, nyanya mzaa mama alinionea huruma. Akina nyanya wa kwetu walivuta sigara wakiweka upande wenye moto ndani ya mdomo.

"Vuta, mjukuu wangu," aliniambia. "Moshi unapasha kifua joto."

Nilivuta, nikakohoa, nikatema kohozi zito la njano. Tukafurahi sote wawili! Tuliona tumepata dawa. Baada ya mwezi nilikuwa navuta kila siku, si kwa ajili ya kifua tena, bali kwa sababu sikuweza kuacha. Baba, mzee wa kanisa letu la Wasabato, hakujua. Moto ukiwa ndani, nani ataona?

Siku moja shambani baba alitokea ghafla. Nikaivuta sigara yote ndani, nikafunga mdomo. Akauliza kama kapu limejaa. Nikaitikia kwa kichwa. Badala ya kuondoka, akasimama kuniongelesha habari za mvua. Nikapaliwa. Kipande kikateremka kooni, pumzi ikawa inapita kwa shida. Kucha zikawa za buluu, mkojo ukanitoka.

"Nyasae!" baba alimwita Mungu kwa Kikisii, akanibeba mgongoni, akakimbia mpaka zahanati.

"Anavuta sigara?" daktari aliuliza.

"Huyu?" Baba alikasirika. "Daktari, sisi Wasabato chai tunailima na hatuinywi. Sigara itoke wapi?"

Daktari akanitazama. Nikatikisa kichwa kukataa. Jamani, nilikuwa nakufa na bado nikadanganya!

Akanidunga sindano ya pumu. Haikusaidia kitu. Akamtuma baba akatafute gari la kunipeleka hospitali kubwa. Baba alipotoka tu, daktari akaniinamia.

"Fungua mdomo."

Alimulika tochi, akashtuka. Kaakaa langu lilikuwa limeungua, jeupe lenye vidonda vyekundu.

"Nani amekuchoma humu ndani?"

Niliweka vidole viwili mdomoni, kama mvutaji, kisha nikaonyesha koo. Akaelewa. Akanilaza kifudifudi, akanipiga mgongoni kwa nguvu mpaka kikatoka kipande cheusi cha sigara chenye damu. Hewa ikaingia. Nikalia kwa sauti, na daktari naye akakaa chini akihema.

Nililazwa wiki tatu. Hamu ya sigara ilinitesa kuliko vidonda. Nilitetemeka, nikatukana wauguzi. Baba nilimwambia ukweli mimi mwenyewe. Nilingojea fimbo. Alishika kichwa akasema, "Mimi naongea habari za mvua, na wewe unaungua mbele yangu?" Nyanya alilia, akaniomba msamaha, ingawa yeye mwenyewe hakuacha kuvuta.

Pumu bado ninayo, lakini sigara sijaigusa tena. Namshukuru Mungu, na yule daktari. Vijana mnaougua pumu, kisukari au ugonjwa wowote wa kudumu, moshi si dawa, hata ukipewa na anayekupenda. Nanyi wazazi, daktari akianza kumuuliza mtoto wenu maswali, tokeni nje kidogo. Mimi nilipona kwa sababu baba alitoka.